Harufu ya Nyumba ya Beni

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, goti lako likiwa limetulia, na ile baridi inayoteremka kutoka mlimani haikusumbui sana asubuhi huko Mutwanga. Elikia aliniambia kwamba umeanza tena kufundisha watoto wa majirani kusoma kwenye baraza lake, bila kuombwa na mtu yeyote. Nikacheka, nikajua kwamba unaendelea vizuri. Msalimie sana mdogo wangu huyo, mume wake na watoto wao wote. Sisi huku tuko wazima. Watoto wangu wanakula, wanakua, wanagombana. Mimi mwenyewe mwili hauna shida. Moyo ndio unaotaka kutapika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Papa, wewe simu unaiweka haut-parleur, sauti yote nje, na kuishika mbali na uso kama samaki aliyeoza, na mtaa mzima unasikia habari zetu. Na kule kwenye groupe ya famille ya kuandikiana kwa simu ndiyo usiseme, maana shemeji yangu Zorobabel anasoma kila neno na kujibu kwa picha ya mikono ya maombi. Donc basi nimerudi kwenye karatasi kama zamani. Nimempa Bilali, yule dereva wa Beni anayeleta chumvi na sabuni huko kwenu, na nimemwomba akupe wewe mkononi, si mtu mwingine. Makosa ya kuandika utayaona, kwa kuwa ualimu haujakutoka. Lakini leo naomba bic nyekundu ya kusahihishia ibaki mfukoni.

Nianze na nyumba yenyewe. Wewe hukuiona ilipoungua, kwa sababu wakati ule ulikuwa umetoka tu kuwakimbia wauaji kule Mbau, umeacha nyumba ya shule na shamba lako la kakao, umefika kwa Elikia na mkoba mmoja. Nilikuficha mengi nisikuongezee uchungu. Siku ile courant ya umeme ilikuwa imekatika tangu asubuhi, ikarudi kwa nguvu tukiwa bado kanisani, waya zikaungana juu ya plafond, pale darini. Tuliporudi, paa lilikuwa limeshaanguka ndani. Namshukuru Mungu hakuna mtu aliyekuwa humo.

Watu husema moto unasafisha. Aliyesema hivyo hajawahi kuingia ndani ya nyumba iliyoungua. Magodoro yalikuwa yameyeyuka na kushikamana na sakafu kama ukoko wa ugali, mafuta ya mawese yamemwagika na kuchanganyika na maji ya kuzimia moto, maharage yamevimba ndani ya matope meusi na kuanza kuoza kabla hatujapata hata koleo la kuyatoa. Harufu ile ilituingia kwenye nywele. Mardochée wangu alikataa kuvaa uniforme yake hata baada ya kufuliwa mara nyingi, akasema inanuka kama kifo. Na wageni wakaja kutupa pole. Wakazunguka, wakatazama, wakapiga picha. Mama mmoja wa kwaya yetu aliokota sufuria zangu mbili, akazigeuza, akauliza kama bado ninazihitaji, na kabla sijajibu zilikuwa zimeshaingia kwenye kitenge chake. Hapo ndipo nilipoanza kusikia kinyaa, na tangu siku hiyo hakijaniacha.

Famille ya mume wangu ikakaa kikao. Unawajua, hawafanyi kitu bila kikao. Wakaamua kwamba mimi na watoto tupande Butembo kwa mama mkwe ili masomo yasikatike. Mume wangu Ananie abaki Beni na kazi yake ya kutengeneza moto, pikipiki za watu, awe analala kwa kaka yake. Na kaka yake huyo, Zorobabel, kwa kuwa ni mkubwa wao na ana gari na anajuana na watu kupitia biashara yake ya kununua kakao, ndiye asimamie matengenezo yote. Mimi nilishukuru. Nilipiga hata magoti mbele yake, Papa. Leo nikikumbuka magoti yale natamani niyasugue kwa brosse.

Kwanza walisema Pasaka tutakuwa tumerudi. Pasaka ikapita, wakasema likizo kubwa. Likizo ikaisha, wakasema rentrée ya shule, kisha Noël, kisha Pasaka nyingine, na hii ya pili ikapita kimya kama ile ya kwanza. Mwanzoni sikulaumu mtu. Nyumba iliyoungua si sawa na nyumba mpya. Lazima ubomoe kwanza kilichooza, ukwangue ukuta, ungoje ukauke, na mvua za Beni hazimngoji mtu. Lakini kila nilipouliza nilipata photo, na kwenye kila photo kulikuwa na ukuta uleule, leo umepigwa picha kutoka kushoto, kesho kutoka kulia, na Zorobabel amesimama mbele yake na shati safi, ananyoosha kidole kuelekea kitu ambacho hakionekani. Mume wangu alipokuja Butembo kutuona alikula, akacheza na watoto, na nikimuuliza habari za nyumba alisema kazi inaendelea. Kisha akageukia ukuta, akalala.

Nilipoomba kushuka Beni nikaone mwenyewe, Zorobabel alipiga simu kwa mama mkwe, akamwambia anieleze desturi. Kwa maneno yake mwenyewe alisema, “Kwetu mwanamuke hapana kusimama ku chantier ya wanaume.” Desturi hiyo ilizaliwa siku ileile. Nyumba hiyohiyo ilipojengwa mara ya kwanza nilibeba matofali kichwani nikiwa na mimba ya Mardochée, na hakuna aliyekumbuka desturi. Lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu, nakula chakula chao, nikanyamaza. Wewe nawe ukatuma mbao nzuri kutoka huko, zile nyekundu, kwa ajili ya plafond ya chumba cha watoto. Nilikupigia kukushukuru, nikakuambia kwamba hakika zimeshapigiliwa. Nilikuwa narudia tu niliyoambiwa.

Kilichonitoa Butembo ni jirani wetu wa zamani wa Beni. Nilikutana naye sokoni akinunua vitunguu. Akanipongeza. Akasema mabati yetu yanang'aa hadi barabarani, milango imewekwa, madirisha yamewekwa, na watu wa mtaa wanajiuliza mbona wenyewe hawarudi, au tumeshazoea hali ya hewa ya Butembo. Nilicheka naye, nikamaliza kununua mboga zangu za lenga lenga, nikarudi nyumbani. Kesho yake nilimwambia mama mkwe nakwenda kumwona mgonjwa, nikapanda taxi ya Beni.

Njiani nilivua sweta kadiri joto lilivyopanda, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, nisikufiche. Niliwaza labda wanataka kutushangaza. Na kweli, Papa, nilipofika na kuona lile paa nililia. Nyumba ilikuwa imesimama. Rangi ya chokaa, milango ya mbao ngumu, vioo. Nikasema moyoni nimewadhania watu wema mabaya. Halafu upepo ukageuka.

Ilikuwa harufu ya siki, siki kali inayochoma macho, na chini yake kitu kitamu kinachooza. Wewe umelima kakao miaka yote ile, unaijua harufu ya mbegu mbichi zinazochacha chini ya majani ya ndizi. Kwenye uwanja wa shamba ni harufu ya kazi, haimchukizi mtu. Ndani ya nyumba iliyofungwa, ndani ya chumba alichokuwa analala mtoto wako, ni kitu kingine. Nzi walikuwa wengi mlangoni hadi nilifunika mdomo ili nisiwameze.

Msichana mmoja alitoka, mikono imejaa utelezi mweupe hadi kwenye viwiko. Jina lake Précieuse. Alidhani mimi ni mnunuzi, akanikaribisha vizuri na kunitembeza nyumba yangu mwenyewe. Chumba changu kilikuwa kimejaa magunia hadi dirishani. Sebule ilikuwa na maturubai ya plastiki na mizani. Na kwenye chumba cha watoto yalikuwepo masanduku makubwa ya kuchachulia, marefu kama majeneza. Mbao zake zilikuwa nyekundu, Papa. Sikuhitaji kuambiwa zimetoka wapi. Maji ya kakao yalitoka chini ya masanduku, yakafuata sakafu, yakapita chini ya mlango, na ndani yake funza walikuwa wanatembea bila haraka. Ukuta nao ulikuwa unatoka jasho. Hawakukwangua masizi ya moto hata kidogo, walipiga chokaa juu yake, basi, na joto la kakao lilipoanza kupanda, yale masizi yakatoka tena kwa mistari ya manjano na kahawia, kutoka juu hadi chini. Nilitapika palepale kwenye kona. Précieuse aliniletea maji akadhani nina mimba.

Kwa hiyo nikajua kwa nini nyumba haikwisha. Ilikuwa imeshakwisha. Depo nzuri, yenye paa jipya, katikati ya mtaa, bila kulipia mtu, na kadiri sisi tulivyokaa Butembo ndivyo ilivyokuwa nzuri zaidi. Ningependa barua iishie hapa, tuwatukane pamoja kidogo, halafu tusahau. Lakini hilo ni uchafu mdogo. Naomba sasa ukae, kama umesimama, na umwambie Elikia akae karibu nawe.

Précieuse alitaka niinunue ile kakao, akawa anaisifu. Alichota mbegu akanionyesha ukubwa wake. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimejaribu kuyapunguza ukali nimeshindwa: “Hii ni kakao ya muzee moja mwalimu, Muluba kwa kabila, alikimbiaka Mbau. Shamba yake iko nyuma ya nyumba ya masomo, ni kubwa sana. Patron anatumaka batu banavuna, banarudia mangaribi. Muzee mwenyewe hapana kujua, balimwambia kama kule ni bauaji tu.” Alisema hivyo akitabasamu, mtoto wa watu, bila ubaya wowote. Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema yeye alipoanza kazi hapo aliikuta inaendelea, na hata mabati yale ya juu patron aliyatoa kwenye mavuno ya kwanza.

Papa, unakumbuka walivyokuja kukuona huko Mutwanga, Zorobabel na mume wangu. Walikaa mbele yako na nyuso za huzuni, wakakuambia kwamba njia ya shamba imefungwa, kwamba matunda yote yamekuwa meusi na kuozea mtini, kwamba usithubutu kurudi wala kutuma mtu. Ukawaombea. Ukampa Zorobabel jogoo wako kwa sababu amejihangaisha kwa ajili ya mzee asiye wa kabila lake. Elikia aliniambia kwamba baadaye ulikaa siku nyingi bila kutaka kula. Ule mshahara wa serikali ulikuwa hautoshi hata chaki, na shamba lile ndilo lingekuzeesha kwa heshima. Uliliomboleza kama mtu aliyefiwa. Na jogoo wako walimla njiani, Ananie mwenyewe aliniambia jinsi alivyokuwa mtamu.

Nilimkuta Ananie kwenye kazi yake, amelala chini ya moto ya mteja. Alinyanyuka, akaniona, na akajua. Hakubisha. Alishika kitambaa akawa anapangusa mikono, anapangusa tu, hata baada ya grisi yote kutoka. Alisema kakao ile ingeoza bure. Alisema kaka yake ndiye aliyeanza, yeye aliambiwa baadaye. Alisema bila mavuno yale hadi leo tungekuwa na kuta nne na anga. Walikusudia kukueleza nyumba itakapokamilika, na kwa kuwa nyumba haikukamilika, hawakuwa na cha kueleza. Halafu akaongeza kwamba wewe umezeeka, shamba hutalirudia tena, na akaniomba nivumilie hadi msimu uishe, nirudi Butembo, nisimwambie mtu. Nilimtazama mdomo ulivyokuwa unakwenda. Nimelala na mtu huyu miaka yote, nimemfulia, nimemzalia, na wakati ule sikuwa hata na hasira. Nilisikia kinyaa tu, kile cha kukanyaga kitu chenye utelezi gizani na kutotaka kujua ni nini.

Sisemi kwamba Mbau kuna amani. Kuna wiki watu wanakwenda shambani na kuna wiki wanakimbia. Lakini wengi wa mtaa wako wameshaanza kuvuna mchana na kurudi jioni, wazee kama wewe pia, na wewe ungechagua mwenyewe kama ungethubutu au la. Hicho ndicho walichokuibia, na ndicho kinachonichoma kuliko magunia.

Sasa jambo ambalo bado hujui, na Elikia pia hajui. Barua hii siiandiki nikiwa Butembo. Nilipanda kwa mama mkwe nikachukua watoto na nguo zao, nikamwambia ukweli wote mbele ya sufuria yake ya majani ya sombe, akaendelea kukoroga. Nikashuka nao Beni Jumapili, Zorobabel akiwa kanisani kwenye kiti cha mbele. Précieuse alipojua mimi ni mtoto wa nani alijifunika uso kwa kitenge, akakaa chini kwa muda. Kisha alisimama akasema kakao isipogeuzwa leo itaharibika, na ya muzee isiharibike. Tuliitoa masandukuni, tukaianika uani, mimi, yeye na watoto. Iko kwenye magunia, imekauka vizuri, inakungoja.

Zorobabel alikuja na wazee wawili wa kanisa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya famille yanazungumzwa ndani. Nikamwambia ndani kunanuka, tuzungumze hapa barabarani, na nikasema yote kwa sauti ambayo hata wanunuzi wa mkate upande wa pili waliacha kununua. Wale wazee wawili walimtazama, wakamwuliza kama ni kweli, naye akatafuta funguo za gari. Hajarudi. Kwenye groupe anatuma mistari ya Biblia kuhusu wanawake wagomvi.

Tangu hapo naosha nyumba. Nimekwangua chokaa yao yote. Naosha ukuta kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni tena, na maji yanayotoka bado ni meusi. Fundi mmoja wa hapa ananiambia moshi hutoka haraka kuliko kakao, na kakao itanuka kila mvua ikinyesha, labda kwa miaka. Sawa. Kutengeneza nyumba iliyoungua kunachukua muda hata kwa watu wenye moyo safi.

Nilijaribu kuwaza kwamba ningekaa kimya, nilee watoto wangu chini ya paa zuri, nikuletee zawadi kila Noël. Wengi wangefanya hivyo na mtu asiwalaumu. Lakini nimeshindwa kulala chini ya mabati yale wewe ukiwa hujui ni ya nani. Parcelle, kiwanja chenyewe, ni ya Ananie, sikatai. Paa, milango, madirisha na misumari ni vyako. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la asubuhi, nimekiosha kuliko vyote, na hakijawahi kuwekwa gunia. Bilali atakupa ufunguo pamoja na barua hii. Ana nafasi mbele kwenye camion akirudi, na nimemwambia goti lako halipendi kukunjwa.

Jana mume wangu alikuja mlangoni. Amekonda. Aliomba aingie, hata kwa kulala tu, kwa sababu watoto wanamkosa, na kweli wanamkosa. Sikumtukana wala sikumfukuza. Nilimwambia kwa adabu kwamba mimi sina ruhusa ya kumpokea mtu hapa, akamwombe mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Mutwanga. Akauliza njia ya huko siku hizi ikoje. Huenda akakufikia kabla ya wewe kuondoka. Utakalomjibu, mimi nitalifuata.

Mardochée na wadogo zake wanakusalimu na wanauliza kama babu anakoroma. Mbusu Elikia kwa niaba yangu, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi binti yako,

Germaine Kalala,
hapa Beni, nyumbani kwako.